Kuziba Fanusi ya Zamani ya Chombo: Mpira Gani, na Gundi Gani?

Katika pwani yetu, tangu Vanga hata Kiunga, zingalipo fanusi za shaba za zamani zinazofanya kazi katika mashua na majahazi. Nyingine zilitoka katika meli zilizovunjwa, nyingine zilinunuliwa kwa wauza vyuma vikuukuu wa Mombasa, na nyingine wana wamezirithi kwa baba zao pamoja na chombo chenyewe. Ni nzito, kioo chake ni kinene, na mwenye nayo haitupi kwa kuwa aijua thamani yake. Lakini karibu kila mwenye fanusi ya namna hii analo lalamiko moja, nalo ni kwamba maji huingia.

Dawa itumiwayo na watu wengi ni hii. Mtu huona matone ndani ya kioo, huenda dukani, hununua mrija wa kwanza wa gundi anaoonyeshwa na mwenye duka, kisha huipaka kila mahali, juu ya kutu, juu ya rangi ya zamani, juu ya masizi. Kwa muda wa wiki mbili hivi fanusi haivuji. Baadaye maji huonekana tena, na safari hii ni mengi kuliko kwanza. Mtu huyo husema ya kuwa gundi za siku hizi hazina nguvu. Pengine gundi yake ilikuwa nzuri kabisa, ila haikuwa kazi yake.

Basi katika makala haya nataka kueleza vitu viwili vinavyozuia maji katika taa ya chombo, na jinsi ya kuvichagua. Cha kwanza ni gasketi, yaani kipande cha mpira, kamba au ngozi kinachobanwa kati ya vitu viwili vigumu, kama kioo na kikombe cha shaba, au mlango na mwili wa fanusi. Gasketi haishiki kitu. Huzuia maji kwa sababu imebanwa, na ukilegeza parafujo waweza kuitoa. Cha pili ni gundi ya kuziba, ambayo hupakwa ikiwa laini, ikashika pande zote mbili, ikakauka. Mahali panapofunguliwa mara kwa mara ili kubadili globu panataka gasketi. Mahali pasipofunguliwa kamwe panaweza kuwekwa gundi. Anayepaka gundi mlangoni atalazimika kuikata kwa kisu kila globu inapokufa, naye atafanya hivyo usiku, chombo kikiyumba.

Si kila msomaji ni baharia, kwa hiyo yafaa niseme kidogo kazi ya taa hizi. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizoandikwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zasema ya kuwa chombo kiendacho kwa mashine usiku kiwe na taa nyeupe mlingotini, taa nyekundu ubavu wa kushoto, taa ya kijani ubavu wa kulia, na taa nyeupe nyuma, upande wa tezi. Kila taa ya ubavuni huangaza pembe ya digrii 112 na nusu, kuanzia mbele kabisa hata nyuma kidogo ya ubavu. Taa ya tezi huangaza digrii 135. Ukizijumlisha hizo tatu utapata duara kamili. Kwa chombo kisichofikia urefu wa mita 12, taa ya ubavuni yapasa ionekane maili moja ya bahari, yaani mita 1,852, na ya tezi ionekane maili mbili. Nahodha wa chombo kingine huzisoma rangi hizo kama karani asomavyo barua: akiona nyekundu ajua chombo hicho kinamwonyesha ubavu wake wa kushoto, akiona kijani ajua ni wa kulia, na kwa hayo ajua ni nani apaswaye kupisha.

Sasa fikiri taa nyekundu ambayo kioo chake kimejaa ukungu kwa ndani. Mwenye chombo aliye karibu nayo aiona inawaka, naye huridhika. Lakini mwanga umetawanywa na matone, na mtu aliye mbali haoni kitu. Jambo hili lilimpata shemeji yangu katika majira ya masika. Ana mashua ya futi 27 yenye mashine ndogo, naye huvua nje ya mwamba upande wa Kilifi pamoja na vijana watatu. Walikuwa wakirudi kabla ya alfajiri, mvua ikinyesha, wakaona chombo kikubwa zaidi kikija kutoka upande wao wa kushoto. Vyote viwili vilikuwa vikienda kwa mashine, na kwa sheria chombo kile ndicho kilichopaswa kupisha, kwa kuwa kilikuwa na mashua yetu upande wake wa kulia. Hakikupisha. Shemeji alisubiri, akasubiri tena, kisha kijana mmoja akaimulika tanga kwa tochi na wote wakapiga kelele. Wale wakageuka, wakapita kwa umbali wa pia tatu hivi za kamba. Walipotazama taa yao nyekundu waliikuta imekufa, na ndani yake yamo maji ya upana wa kidole.

JINSI MAJI YAINGIAVYO

Watu wengi hudhani ya kuwa maji huingia katika fanusi kwa kupigwa na wimbi au mvua. Ni kweli kwa sehemu. Lakini iko njia nyingine iliyo ya siri zaidi, nayo ni pumzi ya fanusi yenyewe. Taa ikiwaka, hewa iliyomo ndani hupata moto na kutanuka. Ikitoka digrii 30 ikafika digrii 60, huongezeka kama sehemu moja ya kumi. Fanusi yenye nafasi ya lita mbili hutoa nje hewa ya kiasi cha kikombe kidogo. Taa ikizimwa, au mvua baridi ikiimwagikia, hewa ya ndani hujikusanya tena, na fanusi huvuta kutoka nje kiasi kile kile. Ikiwa juu ya kiungo yapo maji, basi yatakayovutwa ni maji. Kwa hiyo tundu dogo lisiloonekana kwa macho huweza kujaza fanusi kidogo kidogo kwa siku nyingi, hata pasipo wimbi.

Tena chumvi. Maji ya bahari yakikauka ndani huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ndiyo sababu fanusi iliyowahi kuingia maji ya bahari huwa na ukungu kila usiku hata baada ya kuzibwa vizuri. Kabla ya kufunga, hapana budi kuiosha ndani kwa maji matamu na kuianika juani mpaka ikauke kabisa.

Jambo moja nalitilia mkazo kabla ya kuendelea. Fanusi iwakayo kwa mafuta ya taa na utambi isizibwe yote. Ina matundu ya hewa chini na dohani juu, na ukiyaziba, moto utafifia, masizi yatapaka kioo, na mwishowe taa itazimika. Fanusi ya mafuta huzibwa pale kioo kinapokaa na pale tangi la mafuta linapoungana tu. Ni ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa ya umeme ndiyo inayoweza kufungwa pande zote, na hata hiyo, kama haikuundwa tangu mwanzo kuwa ya kufungwa kabisa, yataka tundu dogo chini, la milimita tatu au zaidi kidogo, ili maji yaliyopata njia ya kuingia yapate na njia ya kutoka.

Fanusi ya shemeji ilikuwa ya aina hiyo, ya mafuta iliyogeuzwa na mwenye kwanza kuwa ya umeme. Ubavuni ilikuwa na bamba la shaba lenye herufi za Kiingereza PORT, yaani upande wa kushoto. Tulipoifungua mezani tulikuta tabaka tatu za wazibaji watatu. Ya ndani kabisa ilikuwa lakiri nyekundu iliyokauka kama jiwe. Juu yake lami. Juu ya lami gundi nyeupe ya silikoni, na chini ya silikoni hiyo shaba imegeuka kijani na kulika kama jino bovu. Na lile tundu la chini, ambalo liliwekwa na fundi wa kwanza kwa akili yake, aliyekuja nyuma aliliona ni kasoro akalijaza gundi. Maji yakawa na mlango wa kuingia bila mlango wa kutoka.

Ile lakiri nyekundu inataka hadhari. Zamani mafundi wa meli walichanganya unga mwekundu wa risasi na mafuta ya kitani, wakazibia kila kitu kwa mchanganyiko huo. Ulikuwa mzuri kwa kazi, lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiukwangue ukiwa mkavu ukafanya vumbi. Uloweshe, uubandue polepole kwa kipande cha mti au kisu butu, kusanya vipande katika karatasi, na unawe mikono kabla ya kula. Kadhalika ukikuta kamba ya kijivu yenye nyuzi nyuzi karibu na dohani, huenda ikawa ni asbesto. Iloweshe vivyo hivyo, usiifikiche.

Tulimwuliza mzee mmoja, fundi wa vyombo, kama haiwezekani kuziba fanusi kwa pamba na mafuta, kama wanavyotia kalafati katika mbao. Alicheka. “Wanangu,” akasema, “ubao hunywa maji ukavimba, na pamba nayo hunywa ikavimba, vikabanana. Chombo kipya huvuja siku ya kwanza, kisha hujifunga chenyewe. Shaba hainywi maji. Kioo hakinywi. Mtafanya nini?” Shemeji akamwambia, “Ndiyo tuliyokuja kukuuliza, Mzee.” Mzee akajibu ya kuwa yeye ajua deheni na sifa, na mambo ya mipira tukawaulize watu wa magari. Shauri hilo lilikuwa na maana kuliko tulivyodhani, kama nitakavyoonyesha.

MPIRA

Fanusi za zamani zilitiwa gasketi za ngozi, za kitambaa kizito cha sufu, au za gamba la mti liitwalo koki. Koki hufaa kama fanusi haikai kavu kwa muda mrefu. Ikikauka sana hunyauka na kuacha nafasi. Leo iko mipira ya namna nyingi, na kwa macho yote ni myeusi na yote ni laini, ila tabia zake hazifanani.

Mpira wa nitrili ndio uliomo katika pete na sili nyingi za mashine za magari. Haudhuriwi na petroli wala mafuta ya taa. Lakini jua na hewa huupasua; baada ya muda utaona nyufa ndogo juu yake kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Kwa hiyo wafaa pale mafuta yalipo na jua halipo, kwa mfano kifuniko cha tangi ndani ya fanusi ya mafuta.

Mpira uitwao EPDM ni kinyume chake. Jua, mvua na maji ya chumvi hauvijali kwa miaka mingi, na ndiyo sababu mipira ya milango ya magari mara nyingi hufanywa kwa huo. Lakini ukiutia mafuta ya taa huvimba na kulegea. Kwa fanusi ya umeme iliyo wazi juani mchana kutwa, sioni mpira ulio bora kuliko huu kwa bei yake.

Neoprini, uliotolewa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1931, uko katikati: huvumilia mafuta kiasi na jua kiasi. Mtu asiyejua fanusi yake itatumiwa vipi kesho aweza kuuchagua huo bila hofu kubwa.

Mpira wa silikoni huvumilia joto kuliko yote hiyo, hata digrii 200, wala jua haliudhuru. Wafaa karibu na globu kubwa za zamani zinazotoa moto mwingi. Kasoro yake ni kwamba huraruka upesi. Ukiukwaruza kwa ncha ya bisibisi unachanika.

Watu wengi hukata gasketi katika tyubu ya gari. Tyubu za magari kwa kawaida ni mpira wa butili, ambao huzuia hewa na kuvumilia hali ya hewa vizuri, basi si jambo la kuchekwa. Lakini ni mwembamba na mgumu kiasi, na shaba ya zamani ina mashimo na mabonde. Tyubu haiingii mabondeni. Fanusi ambayo uso wake umelika yataka kitu laini zaidi na kinene zaidi, kwa mfano mpira wa sponji. Na hapa napo iko tofauti. Sponji moja ina vijumba vya hewa vilivyofungwa kila kimoja peke yake, na nyingine vijumba vyake vimefunguliana, kama sponji ya kuogea. Ichukue, ikamue ndani ya maji, uiachilie: ikinywa maji, irudishe dukani.

Je, mtu atajuaje mpira alionao ni wa namna gani, ikiwa mwenye duka mwenyewe hajui? Kata vipande viwili vidogo vilivyo sawa. Kimoja kitie katika chupa yenye mafuta ya taa, ukiache mpaka kesho, kisha uvilinganishe. Kilichovimba na kulainika si cha kuwekwa karibu na mafuta. Ukitaka kujua kama ni silikoni, chukua kipande kidogo ukichome nje ya nyumba: silikoni huacha majivu meupe, na mipira mingine huacha masizi meusi.

Baada ya kuchagua mpira, unene wake. Watu hupenda kubana mpaka mkono ushindwe, wakifikiri ya kuwa kadiri mpira ulivyobanwa ndivyo uzibavyo. Sivyo. Mpira imara haupungui ukubwa ukibanwa, bali huhamia pembeni. Kama hauna nafasi ya kuhamia, nguvu yote huishia kwenye kioo, na kioo hupasuka. Kamba ya mpira ya milimita 3 yatosha ibanwe mpaka ibaki milimita 2.3 hivi, yaani kama robo moja tu ipungue. Sponji yaweza kubanwa zaidi, hata theluthi. Na ule mfereji unaokaa kamba uwe mpana kidogo kuliko kamba yenyewe.

Kamba ikatwe kwa wembe mpya, ncha zake zikiwa zimenyooka, ziunganishwe kwa gundi kali ile ikaukayo kwa nukta chache. Usiivute unapoipanga. Kamba iliyovutwa hurudi polepole mahali pake, na baada ya mwezi utakuta pengo pale ulipounga. Ni afadhali iwe ndefu kidogo kuliko mfereji, isukumwe ndani.

Na mafuta ya kulainisha. Wengi hupaka vaselini kwa kuwa iko nyumbani. Kwa nitrili haina neno, lakini vaselini imetokana na mafuta ya petroli, nayo huvimbisha EPDM na mpira wa asili. Kwa hizo tumia grisi ya silikoni. Ila grisi hiyo ya silikoni usiipake mpira wa silikoni, maana itauvimbisha. Jamaa humla jamaa yake.

GUNDI

Nimesema ya kuwa shaba ya fanusi ya shemeji ilikuwa imelika chini ya gundi nyeupe. Sababu yake ni hii. Silikoni iuzwayo kwa bei rahisi, ile ya kuzibia bafu na madirisha, inapokauka hutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Ifungue mrija uinuse, utadhani umeingia jikoni mwa achari. Juu ya kioo au vigae haidhuru. Juu ya shaba, asidi hiyo huanza kula na kutoa kutu ya kijani, na kutu hiyo huisukuma gundi itoke mahali pake. Halafu maji ya chumvi huingia chini ya gundi na kuendeleza kazi. Anayetazama kwa juu aona gundi safi, nyeupe, haina ufa.

Iko silikoni nyingine isiyotoa asidi, ambayo mafundi wa umeme huitumia kwa sababu haili waya. Hiyo ndiyo ifaayo kukishika kioo katika shaba. Ikiwa una shaka na mrija ulio nao, usitegemee maandiko peke yake. Sugua kipande cha waya wa shaba mpaka kiwe chekundu na kung'aa, kipake gundi, ukiache siku kadhaa, kisha uibandue. Ikiwa chini yake pamekuwa kijani, umekwisha kujua.

Silikoni zote zina kasoro moja: mahali ilipopita hapashiki tena rangi wala gundi nyingine. Huacha utando usioonekana. Kwa hiyo usiipake karibu na mbao utakazotaka kupaka rangi mwakani.

Gundi ya poliyurethani ina nguvu nyingi ajabu. Hufaa kuunganisha vitu visivyokusudiwa kutengana kamwe. Fanusi iliyobandikwa kwayo haitatoka bila kung'oa na ubao, basi mimi sioni kwa nini itumiwe katika kitu ambacho lazima kitafunguliwa siku moja. Polisalfaidi ni gundi ya zamani zaidi katika kazi za vyombo, nayo hushika shaba, kioo na mbao vizuri, hata za msaji. Lakini hizi mbili zisiwekwe juu ya kioo cha plastiki. Polisalfaidi hasa hukifanya kiwe na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Plastiki utaitambua kwa kuigonga kwa ukucha: sauti yake ni butu, na mkononi si baridi kama kioo. Hata kuisafisha plastiki kusifanywe kwa petroli wala spiriti, ila kwa maji na sabuni tu.

Chini ya fanusi, pale kitako chake kinapokaa juu ya ubao, hapahitaji gundi kali. Utepe wa butili, ulio laini kama nta na usiokauka, watosha sana. Huzuia maji yasipite kwenye matundu ya parafujo yakaozesha ubao, na siku ya kuitoa fanusi hutoka bila ugomvi.

Sasa yabaki shida ya shaba iliyolika, ambayo haipokei gasketi sawasawa. Hapa iko hila nzuri, nayo ndiyo tuliyoitumia. Safisha pande zote mbili. Upande mmoja, ule wa mlango, upake maji ya sabuni mazito ukauke, ili gundi isishike. Upande wa pili weka uzi wa silikoni isiyo na asidi, unene wa milimita 4 au 5, bila kukatika mahali popote. Funga mlango polepole mpaka uguse na kuibonyeza gundi kidogo, usikaze. Iache. Silikoni hukauka kuanzia nje kuelekea ndani, kama milimita mbili au tatu kwa siku moja, nayo hutumia unyevu wa hewa, ambao pwani hatuna upungufu wake. Baada ya siku mbili fungua: upande wa sabuni utaachana, na upande wa pili utakuwa na gasketi iliyojaza kila shimo la shaba yako. Ndipo ukaze.

Kukaza nako kuwe kwa mtindo wa msalaba, parafujo ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, robo mzunguko kila mara. Parafujo za chuma cha kawaida zisitumiwe katika shaba. Maji ya chumvi hukila chuma kwa haraka, kichwa kikakatika na mwili ukabaki ndani. Zilizo bora ni za shaba iliyochanganywa na bati. Zisipopatikana, tumia za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

Waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia uning'inie kidogo kama kitanzi, ili maji yanayotambaa juu yake yadondokee pale badala ya kuufuata ndani. Na mwenye kubadili globu ya zamani kwa hizi mpya za LED ajue mambo mawili. Hazitoi moto mwingi, kwa hiyo ukungu ambao globu ya zamani ungekauka kwa joto lake sasa hubaki. Tena LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake, na nyuma ya kioo cha kijani rangi yaweza kuelekea buluu. Nunua LED yenye rangi ile ile ya kioo.

Kioo chenyewe, kama kina mistari ya mbavu mbavu, kiangaliwe kisigeuzwe. Mbavu zile si za urembo. Ni kazi iliyotokana na Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye lenzi yake iliwekwa katika mnara wa Cordouan mwaka 1823. Hukusanya mwanga na kuulaza sambamba na uso wa bahari. Ukikiweka kioo kikiwa kimeinama, mwanga utakwenda kwa samaki au kwa ndege.

Ili kuijaribu fanusi, watu huichovya katika ndoo ikiwa baridi, wakaona haivuji, wakafurahi. Jaribio hilo halisemi kitu juu ya pumzi niliyoieleza. Njia iliyo bora ni kuziba lile tundu la chini kwa nta kwa muda tu, kuiwasha taa saa nzima mpaka ipate moto kadiri iwezavyo, kisha kuizima na kuimwagia maji baridi papo hapo, kopo baada ya kopo, hasa juu ya viungo. Ndani yake tangulia kuweka kipande cha karatasi chenye mistari ya wino ule unaoyeyuka katika maji. Karani yeyote ajua wino wa namna hiyo. Asubuhi fungua uitazame: mstari uliotanuka utakuonyesha si kwamba maji yameingia tu, bali na upande yalikoingilia.

Ya shemeji mara ya kwanza mstari wa juu ulitanuka. Tulikuta ya kuwa pete ya kubebea fanusi imeshikwa kwa msumari uliopita mpaka ndani, na hakuna kati ya wazibaji watatu aliyeugusa. Tuliutia polisalfaidi kidogo, tukangoja siku tatu, tukarudia. Safari hii karatasi ilitoka kama ilivyoingia, na nta ya tundu la chini ikatolewa. Shemeji aliipeleka fanusi mashuani usiku huo, akamwacha kijana mmoja aiangalie, yeye akatembea ufukoni mpaka ilipokuwa nukta ndogo nyekundu, na akaendelea kutembea. Fanusi ya kijani, ambayo ni ndugu yake na ilizibwa na watu wale wale, italetwa mezani Jumamosi hii. Kamba ya EPDM iliyobaki, kama futi moja na nusu, imefungwa katika karatasi na kuwekwa katika kibweta cha mashua, mbali na debe la mafuta ya taa.